Mkono Uliokung'uta Maji

Sura ya Nne

"Rudisha," Titis alisema.

Yudis akarudisha. Kwenye skrini ya laptopu, mwanamke muuza ndizi akasimama tena nyuma ya meza yake. Akakung'uta vidole vya mkono wa kulia mara mbili kuelekea chini, kisha akaunyoosha mkono huo mbele: kidole gumba kimetangulia, vingine vimekunjwa, kiganja cha kushoto kimeushikilia chini ya kiwiko. Karibu, mkono ulisema. Karibu uketi.

"Rudisha."

"Bu Titis, hiyo ni mara ya arobaini na moja."

"Labda nimezaliwa mzito wa kuelewa. Rudisha."

Titis Wulaningrum alikuwa polisi wa Malang kwa miaka ishirini na minne, akastaafu na goti bovu na jina zuri, na sasa alifanya kazi moja tu, kutafuta watu waliopotea. Siku kumi na mbili nyuma, mzee mmoja aitwaye Pak Gunarso alikuwa amemfuata nyumbani. Mzee alimweleza kwamba mjukuu wake alikuwa akicheza mchezo wa kompyuta sebuleni, naye akipita na kikombe cha chai akamwona muuza ndizi akikaribisha wateja. Kikombe kilimponyoka. Ule mkono, alisema, ni wa dada yake mkubwa, Sumirah, aliyeondoka nyumbani na kundi la maigizo miaka thelathini na mitatu iliyopita na asirudi.

"Mama yetu aliuza tofu ya soya," Pak Gunarso alieleza. "Tofu inakaa kwenye ndoo ya maji. Mama akitaka kumkaribisha mteja, anakung'uta maji kwanza. Dada Sumirah, Yu Mirah wangu, akaiga tangu mtoto. Duniani waliofanya hivyo walikuwa wawili tu, na mama ameshakufa."

Jambo hilo ndilo lililomleta Titis kwenye duka la kahawa la Yudis, lenye meza sita na soketi kumi na nane. Yudis alikuwa mkuu wa mashabiki wa mchezo ule mjini Malang. Uliitwa Pasar Rukun. Mchezaji anapewa kibanda sokoni, anauza mpaka atajirike au afilisike. Wahusika walitoka kwa watengenezaji wakiwa wamesimama kama nguzo za umeme, na mashabiki ndio waliowatengenezea modi, yaani vipande vya kuchomeka ndani ya mchezo, ili wapate kupunga mikono, kucheka na kuvutana bei. Modi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa na ishara kumi na nne, na aliyeiweka mtandaoni alijiita Kumbang Kopi.

Kumbang Kopi huyo hakuna aliyewahi kumwona. Titis alikwisha kwenda Surabaya kumfuata mtu mwenye jina hilohilo. Alimkuta bwana mnene anayeuza kahawa ya kusaga, ambaye hajawahi kugusa mchezo wowote isipokuwa draftu. Alirudi na robo kilo ya kahawa na aibu kidogo.

"Tuanze upya," alimwambia Yudis. "Ishara hii imetengenezwaje?"

Macho ya Yudis yakawaka, maana hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo kwa hiari yake. "Njia ni mbili, Bu. Ya kwanza, unamshika mhusika mfupa kwa mfupa. Unampinda, unaweka alama, unasogeza fremu mbele, unampinda tena. Ukimaliza sekunde tatu umeota mvi. Ya pili, unamsimamisha mtu mbele ya simu mbili, anafanya ishara, programu inasoma viungo vyake na kumvisha mhusika. Halafu unasafisha, maana inakuja na takataka zake. Miguu inateleza, mabega yanatetemeka."

"Na hii ni ipi?"

"Ya kuchonga. Kumbang Kopi ameandika mwenyewe. Kila mtu anajua."

"Sikuuliza alichoandika. Unaweza kumvua nguo huyu mama?"

"Bu!"

"Vua nguo, vua ngozi, niachie mifupa."

Yudis akabofya. Muuza ndizi akabaki vijiti vya kijani vilivyounganishwa kwa nukta. Titis akasogeza kiti. Akataka ishara zote kumi na nne, moja baada ya nyingine: kukaribisha, kukataa kwa adabu, kuita, kubembeleza bei, hasira ya mama mwenye kibanda. Kwenye ya mwisho akaweka ncha ya kalamu kwenye skrini.

"Hiki kidole cha pete. Wenzake wanakunjika, chenyewe kimesimama kama askari gwaride."

"Hitilafu. Hutokea."

"Mara kumi na nne?"

Yudis akafungua jedwali la namba. Akakuna kidevu. "Ajabu hii. Kinapinda digrii nne. Hapa tatu na nusu. Hapa nne na robo." Akageuka. "Bu, mchongaji huweka sifuri, au huweka thelathini. Hakuna mtu anayechonga tatu na nusu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo huyu si wa kuchonga. Huyu ni mtu."

Titis akatoa simu, akampigia Pak Gunarso. Kidole hakukitaja, maana shahidi ukimpa jibu mkononi, atakurudishia hilohilo.

"Pak, nieleze mikono ya dada yako."

"Mikono? Ilikuwa mizuri."

"Endelea."

"Myepesi. Akiongea inaongea nayo. Wa kulia ulikuwa na kidole kibovu, lakini hukuweza kujua mpaka akushike."

"Kidole kipi?"

"Cha pete. Kilibanwa na mashine ya kukamulia tofu alipokuwa na miaka kumi na moja, hakikukunjika tena. Mwalimu wa ngoma alimkataa kwa ajili hiyo, akaenda kwa mwalimu mwingine. Kwa nini, Bu? Umempata?"

"Sijampata. Nimepata kidole."

"Naja sasa hivi!"

"Usije. Kaa nyumbani, Pak. Hilo ni agizo."

Akakata simu, akaagiza ndizi za kukaanga na kahawa ya pili. Sasa mambo mawili yalikuwa wazi. Aliyenaswa kwenye modi ile alikuwa Sumirah mwenyewe au pacha wa kidole chake. Na Kumbang Kopi alikuwa amedanganya kuhusu ufundi wake, jambo ambalo fundi hafanyi bila sababu, kwa kuwa kunasa mtu si aibu. Alikuwa anamficha mtu.

"Ukimwandikia kumuuliza, anajibu?" Titis akauliza.

"Salamu hajibu. Sifa hajibu. Watu wa magazeti wamemwandikia, kimya."

"Na akitukanwa?"

Yudis akafikiri. "Hajawahi kutukanwa. Kazi yake haina doa."

"Basi mwandikie hadharani, chini ya modi yenyewe, hivi: modi nzuri, ila kidole gumba kinapenya ndani ya chane la ndizi. Inaonekana kazi ya harakaharaka."

"Lakini hakipenyi!"

"Najua."

"Bu Titis, huo ni uchokozi."

"Ni upelelezi. Usisahau hiyo harakaharaka."

Yudis akaandika kama mtu anayepaka matope ukuta wa msikiti. Dakika thelathini na tano baadaye chambo kikamezwa. Jibu lilikuwa refu kama barua ya posa iliyokataliwa, na mwishoni Kumbang Kopi alikuwa amebandika picha. Aliipiga kwa simu, akiielekeza kwenye kompyuta yake, kuonyesha kwamba kati ya kidole gumba na ndizi kuna nafasi ya kupitisha kikombe. Alikuwa na haki kabisa. Ila kwa hasira alisimama mbali kidogo, na pembeni mwa kompyuta ukaonekana ukuta, na ukutani kalenda.

Titis akaikuza picha kwa vidole viwili. Duka la Mchele Mugi Lancar, Blitar. Kando ya Kivuko cha Reli.

"Kalenda inaweza kutoka popote," Yudis alisema.

"Ya benki, ndiyo. Ya kampuni ya sigara, ndiyo. Kalenda ya duka la mchele haisafiri. Anapewa mteja, na mteja wa mchele hununua pale anapoweza kubeba gunia mpaka jikoni."

Kesho yake, saa tatu asubuhi, Titis alishuka kwenye treni Blitar. Mwenye duka la Mugi Lancar alikuwa mzee mkavu, watu wakimwita Koh Liang, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alikiri kwamba mwaka ule aligawa kalenda themanini.

"Kati ya hao themanini," Titis akasema, "yuko mwanamke mzee anayetumia sana mikono akiongea?"

"Mak Mirah? Huyo ukimfunga mikono anakuwa bubu." Koh Liang akaelekeza kwa kidevu ng'ambo ya reli. "Nyumba ya tatu. Mbele fotokopi, ubavuni anauza wali wa pecel. Wewe ni nani wake?"

"Mteja," Titis alisema, akanunua kilo moja ya mchele ili lisiwe uongo mtupu.

Kwenye duka la fotokopi alikaa msichana wa miaka ishirini na sita hivi, nywele amezibana kwa penseli. Nyuma yake kulikuwa na kompyuta, na juu ya kompyuta, kalenda. Simu mbili zilisimama kwenye miguu mitatu mitatu pembeni, zikiwa zimefunikwa kitambaa kama ndege wawili waliolazwa.

"Kutoa nakala, Bu?"

"Kutoa pole. Kidole gumba hakipenyi ndizi. Mimi ndiye niliyesema kinapenya."

Msichana akawa mwekundu mpaka masikioni. Jina lake lilikuwa Ratri, na hakujua kudanganya, ingawa alijitahidi.

"Nimezichonga mwenyewe," alisema. "Mfupa kwa mfupa. Miezi saba."

"Hongera. Muuza ndizi anakung'uta nini kabla ya kukaribisha?"

"Ni... urembo tu."

"Ndizi hazilowi."

"Urembo, Bu."

"Na kidole cha pete?"

"Hitilafu ndogo."

"Jana ulitumia dakika thelathini na tano kutetea kidole gumba kisicho na kosa. Kidole cha pete chenye kosa umekiacha mwaka mzima, kwenye ishara kumi na nne. Mbak Ratri, fundi wa namna yako angekinyoosha akiwa usingizini. Hukukigusa kwa sababu kilikuwa sahihi. Mwenyewe yuko wapi?"

Ratri akaupanga mrundo wa karatasi uliokuwa umekwisha pangwa.

"Mpe mgeni chai kwanza," sauti ikatoka nyuma ya pazia, "ndipo muendelee kudanganyana."

Pazia likafunguka. Mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu akatoka na sahani ya pecel, yaani wali, mboga za kuchemsha na mchuzi wa karanga, akaiweka mbele ya Titis bila kuuliza. Mkono wa kulia ukakung'utwa mara mbili. Kidole gumba kikaonyesha kiti.

Titis akakaa. Katika miaka ishirini na minne ya upolisi alishaona watu wakitambuliwa kwa alama za vidole, kwa meno, mara moja kwa kiatu. Kwa namna ya kukaribisha wageni, hajapata.

"Wewe ni askari," Mak Mirah alisema. "Nimecheza jukwaani miaka ishirini, kundi hili na lile. Nimeigiza maaskari kumi na wawili, wote wanakaa hivyo, mgongo ukutani. Huyu mtoto amefanya kosa gani?"

"Hajafanya kosa. Amekutangaza tu. Watu elfu sitini wamechukua mikono yako."

"Elfu sitini!" Mak Mirah akajipiga paja. "Ratri, si ulisema elfu hamsini na tisa?"

"Ilikuwa wiki iliyopita, Mak."

"Enzi zetu ukumbi ukijaa ni watu mia nne, na nusu wamekuja kukwepa mvua." Akacheka, akaketi, akamweleza Titis kila kitu kana kwamba yeye ndiye aliyebuni kompyuta. Alivyosimama mbele ya simu mbili kwa wiki tatu. Alivyomfundisha Ratri kwamba mkono hauanzii mkononi, unaanzia begani, na jicho hutangulia bega. Alivyomgombeza alipotaka kufupisha ishara ya kukataa, kwa kuwa kukataa kwa haraka ni kutukana. "Yeye alikuwa na mifupa, mimi nikampa adabu."

"Na kulitaja jina lako, ni wewe uliyemkataza?"

Kicheko kikaisha. Mak Mirah akasukuma sahani karibu zaidi na Titis. "Kula, litapoa."

"Nakula. Ni wewe?"

"Kuna mtu," Mak Mirah alisema. "Ndugu. Aliniambia nikitoka na watu wa maigizo nisikanyage tena mlangoni kwake. Akachukua shali yangu ya kuchezea akaitupa kisimani mbele ya macho yangu. Nikaondoka kwa basi la alfajiri. Sasa yeye ni mzee. Sikutaka afungue kitu cha mjukuu, kama anaye, akute jina langu, siku yake iharibike."

"Unajua kilichotokea baada ya basi kuondoka?"

"Nitajuaje? Nilikuwa ndani ya basi."

Titis akafuta vidole, akatoa picha kwenye mkoba, akaiweka mezani. Shali ya hariri, rangi ya chungwa iliyopauka, imekunjwa juu ya mto mweupe.

"Saa moja asubuhi alishuka kisimani kwa kamba. Ilikatika. Alikaa humo mpaka saa nne, amevunjika kifundo cha mguu, ameishikilia. Alipotolewa alikimbizwa hospitali akipiga kelele kwamba apelekwe stendi. Mwaka huo aliyafuata maigizo miji tisa, kwa magongo. Kundi lenu lilikuwa limekwisha vunjika."

Mak Mirah aliitazama picha. Alinyoosha kidole kigumu, akagusa ukingo wa shali kwenye karatasi.

"Gun alishuka kisimani?" alisema. "Gun anaogopa hata beseni."

"Sina ruhusa ya kumwambia uko wapi," Titis alisema. "Ndiyo kanuni yangu. Nikitoka hapa bila ridhaa yako, nitamwambia yu hai, anapika vizuri, basi. Hata mtaa sitautaja."

"Alinijuaje?"

"Alipita sebuleni na kikombe cha chai. Akauona mkono."

Mak Mirah akaanza kutikisika mabega. Ratri akainuka haraka, akidhani ni kilio. Kilikuwa kicheko, kile kinachoanzia tumboni na kumwacha mtu akitafuta pa kushika. "Miaka thelathini na mitatu najificha," alisema alipopata pumzi, "halafu mkono unanichongea! Mpigie. Usimwambie niko wapi. Nataka sauti kwanza."

Titis akapiga, akaweka sauti ya wazi, simu katikati ya meza.

"Bu Titis?" Pak Gunarso alipokea kabla simu haijaita mara mbili.

"Pak, nipo na mtu."

Mak Mirah akainamia simu. "Gun."

Kule hakukusikika kitu isipokuwa pumzi.

"Bado unapumua kwa mdomo kama samaki," Mak Mirah alisema.

"Yu?" Sauti ya mzee ilipasuka. "Yu Mirah? Ni wewe? Yu, ile shali..."

Honi ya treni ikamkata. Ililia kwa nguvu kutoka dirishani, na ililia kwa nguvu kutoka kwenye simu. Titis akatazama simu, akatazama dirisha.

"Pak Gunarso. Uko wapi?"

"Nyumbani, Bu."

"Nyumbani kwako hakuna reli."

"Mjukuu wangu aliiona ile picha ya kalenda mtandaoni," mzee alisema kwa unyonge. "Naye ana macho. Nimeshuka treni ya pili. Nipo kwenye duka la mchele. Huyu bwana ameniuzia kilo tano na bado hataki kunionyesha nyumba. Anasema wapelelezi wa leo wametosha."

Mak Mirah alikuwa ameshatoka. Alivaa kandambili moja ya kwake na moja ya Ratri, na alikuwa nje kabla Titis hajanyoosha goti. Ratri akamfuata, Titis akafuata kwa kuchechemea. Kivukoni kizuizi kilikuwa chini, kengele inalia, pikipiki zimejipanga pande zote mbili. Ng'ambo, mlangoni kwa Koh Liang, alisimama mzee mwenye shati la batiki lililopigwa pasi, mfuko wa mchele kifuani kama mtoto mchanga.

Treni ikapita katikati yao. Mabehewa manane. Mak Mirah aliyahesabu kwa sauti, moja moja, kwa matusi.

Kizuizi kilipopanda, hakuna pikipiki iliyothubutu kutangulia. Wakakutana juu ya mataruma. Titis, aliyebaki nyuma na Ratri, alitarajia machozi, na machozi yalikuwepo, lakini makelele yaliyazidi.

"Umenenepa!"

"Umefupika!"

"Nilikuwa hivi hivi! Wewe ndiye hukunitazama vizuri!"

Wakashikana, mfuko wa mchele katikati, wakayumba kama wanaopigana mieleka. Honi zikaanza kulia. Mlinzi wa kivuko akatoka kibandani na filimbi. "Bapak, Ibu! Pendaneni pembeni! Kuna treni nyingine!"

"Simu zangu," Ratri alisema, akijifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Nimeziacha dukani. Ishara zote hizo, na sijarekodi hata moja."

"Hizi hazina modi," Titis alisema.

Juu ya reli, Mak Mirah alikuwa ameufungua mfuko. Akachota punje chache, akazisugua kiganjani, akazinusa. Uso ukabadilika.

"Amekuuzia kwa bei gani?"

Pak Gunarso akataja.

"Huu ni wa mwaka jana! Liang!" Akamshika ndugu yake kifundo cha mkono, akamgeuza kama mtoto wa miaka sita. "Twende. Tunaurudisha."

"Yu, si lazima leo..."

"Leo!"

Wakavuka wakielekea dukani, yeye mbele, mzee nyuma akicheka na kulia kwa pamoja. Mlangoni, Koh Liang aliwaona wanakuja, akavua miwani, akaanza kutafuta mfuko mwingine.